Koti la D 52 na Alama ya Somoe

Wajukuu zangu mnaofanya kazi za kompyuta, shule yangu mimi iliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitarajie nizungumze kama mnavyozungumza ninyi. Lakini lipo jambo moja katika kazi yenu ambalo nililifanya miaka mingi kwa wino na sindano. Sikujua kama ni lile lile mpaka Rehema aliponijia Jumapili moja amekunja uso.

Rehema ni binti wa mwanangu Idi. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu za wateja kwenye kompyuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakufanyia nini?"

Akakaa, akaeleza. Ofisi yao imeungana na ofisi nyingine. Kila ofisi ilikuwa na wateja wake, na kila mteja na namba yake. Wakazimimina zote chungu kimoja. Sasa namba moja ina watu wawili, ankara ya huyu inafika kwa yule, na bosi anatafuta wa kumtoa kafara.

Nikacheka hadi chai ikanimwagikia kwenye khanga.

"Bibi, mimi nalia wewe unacheka?"

"Namcheka Saidi Mkumba na koti lake. Kaa vizuri."

Sasa na ninyi kaeni vizuri.

Nilikuwa mpiga pasi kwa dobi wa Kihindi, jina lake Jayanti, duka lake katika vichochoro vya katikati ya Kariakoo na Mnazi Mmoja. Tulimwita Tajiri, ingawa mashati yake mwenyewe yalikuwa na viraka vingi kuliko ya wateja. Yeye alipokea nguo mbele, kwenye kaunta. Nyuma uani kulikuwa na mabeseni, kamba, meza yangu ya pasi ya mkaa, na kwenye kona yenye mwanga alikaa Mzee Likanga, mtia alama. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Mtu asiyeijua kazi ya dobi anadhani shida ni uchafu. Uchafu si shida, uchafu una sabuni. Shida ni kwamba mashati meupe yakishaingia beseni moja hayana kwao tena. Ukiyatoa yote ni ndugu. Kazi ya Mzee Likanga ilikuwa kuhakikisha kila shati linakumbuka nyumba yake.

Wiki yangu ya kwanza nilijigamba kwake. Nikamwambia, mzee, mimi silisahau jina la mtu, nipe wateja wote nitawashika kichwani. Na ni kweli, hata leo nawataja. Akanitazama akaniambia, "Vizuri, binti. Nenda kampelekee Juma Hamisi shati lake."

"Juma Hamisi yupi?"

"Aa. Kumbe."

Maana tulikuwa na Juma Hamisi fundi saa, Juma Hamisi karani wa bandarini, Juma Hamisi muuza kahawa wa Mnazi Mmoja, na Juma Hamisi ambaye hakuna aliyejua kazi yake ila suruali zake zilikuwa nzuri kuliko za wenzake wote. Na majina hayatulii. Leo ni Asha binti Selemani, kesho kaolewa, keshokutwa ni Mama Zawadi, akirudi kuhiji ni Hajati. Jina ni la kumwitia mtu. Si la kutenganishia nguo.

Kwa hiyo kila mteja alipewa alama: herufi na namba. Tulianza na A, namba zilipokuwa nyingi tukahamia B, hivyo hivyo. Juma Hamisi fundi saa alikuwa A 17, hata akija na jina jipya atabaki A 17.

Hapo nyuma kabla sijaja, Mzee Likanga alijaribu alama zenye maana: mstari kwa mtaa huu, msalaba kwa mtaa ule. Ikapendeza, mpaka watu wakaanza kuhama. Bi Mariamu Chande alihamia Magomeni, nguo zake zikaendelea kusema Gerezani, na mpangaji mpya wa Gerezani akavaa khanga zake sikukuu nzima akimshukuru Mungu. Ndiyo Mzee akaacha. Alikuwa akisema alama njema ni ile isiyojua kitu chochote, kwa sababu asiyejua kitu hawezi kusema uongo.

Na kingine alichokishikilia ni cha wafu. Mzee Kassimu Pazi, B 9, alipofariki, Tajiri akasema B 9 ipo wazi, tumpe mteja mpya. Mzee Likanga akagoma. "Marehemu kaondoka, Tajiri. Nguo zake hazijaondoka." Na kweli, baada ya arobaini nguo ziligawiwa, na haukupita muda mpwa wa marehemu akaleta kanzu ya B 9 kufuliwa. Kama tungekuwa na B 9 mwingine, mpwa angevaa nini? Rehema ananiambia hata kwao namba iliyofutwa haipewi mtu mwingine. Nikamwambia, basi mna mzee mwenye akili huko.

Mahali pa kutia alama napo pana elimu yake. Shati, ndani ya kola. Suruali, kiunoni karibu na kifungo. Shuka, kwenye pindo la kona. Sari usiiguse na wino hata siku moja, mama wa Kihindi atakulaani kwa lugha usiyoielewa na itakupata tu. Sari shona nyuzi chache pembeni, nyuzi za rangi yake. Na wino ukishatiwa uanikwe, kisha upigwe pasi ya moto kabla haujaona maji. Ukiharakisha, unapata doa badala ya namba, na doa halina mwenyewe.

Lakini kanuni iliyotuponza ni hii: usitie alama juu ya alama. Nguo ikishakuwa nayo, iache. Mzee aliifuata kanuni hiyo kama sala, na ilikuwa kanuni nzuri, kwa sababu mteja wa zamani hupenda kola yake ibaki safi. Kwa hiyo alichokifanya ni kukunja kola, kutazama, na kama alama ipo, anachomoa kile kikaratasi cha jina alichobandika Tajiri pale kaunta, nguo inakwenda majini.

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikafungulia bidhaa za nje.

Ninyi mmezaliwa madukani kumejaa. Sisi tulikuwa na shati la kazi na shati la sikukuu, na kitambaa tulikipangia foleni. Ruksa ilipokuja, ikaja na mitumba. Marobota yalishushwa Kariakoo, yanapasuliwa kwa kisu, watu wanainama kama kuku kwenye mtama. Fundi redio akavaa koti la waziri wa Ulaya. Wateja wetu wakaongezeka, uani hakukubaki kamba. Tajiri akafurahi, nasi tukafurahi. Hakuna aliyefikiri kwamba nguo zile zimetoka kwa watu, na watu wale nao walikuwa na madobi wao.

Somoe alikuwa mwenzetu wa kupeleka nguo. Yeye ndiye aliyekusanya nguo zilizopigwa pasi, akaziweka pamoja kwa alama, akazifunga kwa gazeti na kamba ya katani, akazibeba hadi mlangoni kwa mtu. Kusoma hakusoma, ila alama alizishika kama sura za watu. Alitoka Newala, na kwenye mashavu yake alikuwa na chale za kwao, mfano wa paa la nyumba: paa dogo juu ya paa dogo, ncha zikitazama juu. Mjini hapa watoto walimwimbia na wakubwa walimtazama mara mbili, kwa hiyo akipita sokoni alivuta ushungi hadi karibu na macho. Mume alikuwa amekwenda Songea akasahau njia ya kurudi. Chumba na watoto vilikuwa vyake.

Saidi Mkumba, fundi redio, alileta koti. La kijivu, la mtumba, la kuvaa juu ya kanzu. Jumapili anaoa. Ijumaa akaja kulichukua, halipo.

Tukatafuta kwenye kamba, chini ya meza yangu, ndani ya mabeseni. Halipo. Saidi amesimama kaunta anauliza kwa upole, na mnajua upole wa bwana harusi ni mbaya kuliko matusi. Watu wakaanza kujaa mlangoni.

Tajiri akamwita Somoe. "Koti la kijivu umelipeleka kwa nani?"

"Mimi napeleka vifurushi, Tajiri. Kila kifurushi kimekwenda kwa alama yake."

Mteja mmoja pale, sitamtaja ingawa jina lake ninalo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Si ana kaka yake anauza makoti Mchikichini?"

Ni kweli, kaka yake Athumani aliuza makoti ya mitumba. Nilimwona Tajiri akilipokea lile neno, likamkaa.

"Somoe," akasema, "kama koti halikuonekana, Jumatatu usije."

Somoe hakulia. Alikunja gunia lake la kubebea, akaliweka juu ya meza yangu, akasema, "Mama Idi, lisije likasemwa nalo nimeliiba." Akavuta ushungi, akapita katikati ya watu.

Jumamosi asubuhi pasi haikunikaa mkononi. Nikamwendea Mzee Likanga kwenye kona yake.

"Mzee, lile koti la Saidi ulilitia alama gani?"

"Sikulitia. Lilikuwa nayo."

"Ipi?"

"D 52."

"Mzee. Saidi ni mteja mpya, na koti lake halijawahi kuingia hapa. Alama limeipata wapi?"

Akanyanyua kalamu yake, akaiweka chini, akainyanyua tena. Mzee yule alikuwa na majivuno, na alistahili kuwa nayo. Akasema taratibu, "D 52 ni nani?"

"Mwalimu Bonifasi Nandonde. Upande wa pili wa Mnazi Mmoja."

"Nipe kofia yangu."

Hatukufika nyumbani kwake. Tulimkuta katikati ya viwanja, jua kali, anakuja mbele yetu amevaa koti la kijivu, jasho linamchuruzika, anasalimia hata wasiomjua.

"Koti zuri, Mwalimu," nikamwambia.

"Zuri, eh? Hata mimi nimelishangaa."

"Umelipata wapi?"

"Si kwenu? Limekuja na mashati yangu."

"Na hukuuliza?"

"Niulize nini? Nimekunja kola nimekuta D 52. Huyu Likanga amenihubiria miaka yote: chenye D 52 ni cha Nandonde. Nikajua mke wangu kaninunulia kwa siri. Yeye naye anadhani nimejinunulia kwa siri. Tumenuniana tangu juzi."

Ningeweza kucheka, lakini nilimtazama Mzee Likanga nikaacha. Akasogea, akaomba kuiona kola. Mwalimu akainama. Mzee akasoma, akapitisha kidole juu ya ule wino, mwekundu uliofifia, si wa kwetu.

"Mwalimu, wewe uko sahihi," akasema. "Aliyekosea ni mimi. Hii ni D 52 ya dobi mwingine, mji mwingine, ng'ambo huko. Naye alimwandikia mtu wake, akampa neno lake kama nilivyokupa wewe langu. Hakujua kama mimi nipo. Mimi sikujua kama yeye yupo."

Mwalimu akaanza kulivua. "Chukueni. Lakini kabla ya kwenda popote mnapitia kwangu, mnamweleza mke wangu maneno hayo hayo. Wote wawili."

Tukapitia. Mke wake akasikiliza, akauliza, "Kwa hiyo hakulinunua?" Tukasema hakulinunua. Akasema, "Basi chakula kipo, aje ale."

Mchana koti lilikuwa mezani kwangu. Nililipiga pasi vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuipiga, na Saidi akalichukua kwa mikono miwili. Kwake yeye mambo yakaishia hapo.

Tajiri akashusha pumzi. "Basi mwambie Somoe aje Jumatatu kama kawaida."

"Tajiri," nikamwambia, "ulimfukuza mbele ya watu. Humrudishi kwa kumtuma mtu."

Akafanya jambo ambalo sijawahi kuona tena: akafunga duka mchana kweupe. Tukaenda watatu, yeye, Mzee na mimi.

Somoe alikuwa uani kwake Gerezani, anachambua mchele. Hakusimama.

"Karibu, Tajiri. Kiti ni hicho kimoja na mguu wake umelegea, ukae kwa adabu."

Tajiri akakaa kwa adabu. "Somoe, koti limepatikana. Hukuiba."

"Hilo nalijua tangu jana. Wewe ndiyo umelijua leo."

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema, akatupa chuya. "Lakini sirudi. Kariakoo nzima inavaa mitumba. Kesho linakuja koti jingine na alama za kwao huko, zinafanana na zenu, mimi napeleka kwa asiye wake, na mwizi ni nani? Ni mimi. Alama zenu haziwezi kunilinda."

Alisema kweli. Tajiri akasema tuanze na namba kubwa, za elfu. Nikasema na wao wanaweza kuwa na elfu. Akasema basi tufute alama za zamani. Mzee akasema wino wa kweli haufutiki, na utakaoacha kuuona ndio utakaokuponza. Tajiri akasema tuchore nyota mbele ya namba. Nikasema nyota kila mtu anachora, hata mtoto ukutani.

Mzee Likanga hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anamtazama Somoe usoni, na Somoe pale kwake hakuwa na ushungi.

"Wewe mzee, unatazama nini?"

"Natazama kitu ambacho Ulaya hawana."

Somoe akapeleka mkono shavuni. Nikafikiri atakasirika. Kwanza kweli alikasirika, niliona. Akasema, "Hizi nilichanjwa na bibi yangu, na nililia. Na hapa mjini nimezilipia."

"Ndiyo maana nakuomba," Mzee akasema, "sichukui. Paa dogo juu ya paa dogo, halafu namba. Pasipo paa, namba si yetu, hata ifanane vipi. Huko duniani dobi wa kufikiria hilo hayupo."

Somoe akarudi kwenye mchele wake. Akachambua, akachambua. Halafu tukaona mabega yanatikisika, anacheka.

"Wazungu waje na D 52 zao," akasema. "Haya, chora. Lakini mteja akiuliza hii ni nini, asiambiwe ni ua. Mwambieni ni ya Somoe."

Jumatatu alikuja kabla yangu. Mzee akakaa siku nyingi akirudia nguo moja moja, paa juu ya paa, na mimi nikimsaidia. Alama za ng'ambo tuliziacha zilipo, tukawa hatuzisomi. Vijana wa sokoni wakaanza kuuliza kola zao zina nini, nao wakaambiwa. Na Somoe akipita Kariakoo na gunia lake, ule ushungi ukaanza kukaa mabegani.

Hiyo ndiyo hadithi niliyompa Rehema. Akafikiri, akasema siku hizi mashine zinaweza kubuni namba ndefu zisizo na maana yoyote, ndefu kiasi kwamba mashine mbili zisizojuana hazigongani. Nikasema hizo Mzee Likanga angezipenda. Lakini kwa zile ambazo zimeshagongana, akarudi kazini akaweka mbele ya kila namba alama ya ofisi iliyotoka, na yule waliyetaka kumtoa kafara yupo kazini hadi leo.

Nawaomba ninyi mkumbuke tu kwamba namba zikigongana kwenye mashine, mashine haifukuzwi. Anayefukuzwa ni aliyebeba kifurushi. Kabla hamjamwita mtu mwizi, kunjeni kola mtazame.

Tajiri alikwishafariki, na Mzee Likanga. Duka sasa linauza vifuniko vya simu. Somoe yupo Newala, anatuma salamu na korosho.

Mwezi uliopita nilipita Mchikichini kutafuta shati la Idi. Kijana mmoja akanipeperushia jeupe, kola imara. "Bibi, gredi ya kwanza hii, imetoka Ulaya jana."

Nikakunja kola. Wino umefifia, lakini upo: paa dogo juu ya paa dogo, na A 17.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii haikutoka Ulaya. Hii ni ya Juma Hamisi."

Akacheka. "Bibi, kina Juma Hamisi mji huu wako wangapi?"

"Wengi," nikasema. "Huyu ni mmoja."